Jinsi ya kutumia "militarily" bila kujikwaa

Kielezi hiki cha Kiingereza hakina maana ngumu. Kinachotutatiza ni Kiswahili chetu wenyewe: neno "kijeshi" linabeba kazi nyingi, "militarily" linabeba chache. Mimi hufasiri habari, na hivi ndivyo ninavyolipima.

Hatua ya 1. Tazama umbo. Ni "military", y ikageuka i, ikaongezwa "-ly". Wamarekani hukaza silabi ya tatu: mi-li-TE-ri-li.

Hatua ya 2. Jiulize "kijeshi" lako linafafanua nini. Likifafanua nomino, andika "military": nguvu za kijeshi ni "military power", kamwe si "militarily power". Likifafanua kitenzi, hapo ndipo kielezi kinapoingia, tena baada ya kitenzi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, "Tanzania responded militarily". Yaani ilipeleka askari, haikuishia kulalamika. Oktoba 2011 Kenya nayo "intervened militarily in Somalia".

Hatua ya 3. Likifafanua kivumishi, litangulize. Kabla ya kujiunga na NATO Aprili 2023, Finland ilikuwa "militarily non-aligned". Hapo hakuna risasi iliyopigwa. Maana ni "kwa upande wa mambo ya jeshi". Wanafunzi wengi huisahau maana hii, na magazeti ya Kiingereza yamejaa "militarily weak" na "militarily important".

Hatua ya 4. Hii ndiyo inayowaangusha hata wazoefu. Kijana amenyoa kijeshi, amevaa kijeshi, anatembea kijeshi. Kiswahili hicho hakina kasoro, lakini kwenye Kiingereza usiguse "militarily" hata mara moja. Nywele ni "a military haircut", mavazi ni "in military uniform", na mwendo ni "he walks like a soldier". Ukiandika "he dressed militarily" utaeleweka, ila mhariri ataikata bila kukuuliza.

Hatua ya 5. Ukifasiri kuja Kiswahili, usikimbilie "kijeshi" kila mara. Chukua "The dispute cannot be resolved militarily". "Mgogoro hauwezi kutatuliwa kijeshi" si kosa, lakini msikilizaji wa redio ataipokea vizuri zaidi hii: "Mgogoro huu hautamalizwa kwa mtutu wa bunduki."