Kabla Hujalipa Depositi, Ingia Bafuni Kwanza

Mtu akienda kuangalia nyumba ya kupanga hapa Nairobi, huuliza maji, huuliza stima, hufungua bomba la jikoni, hupima sebule kwa macho kama kochi litaenea. Bafu hulichungulia tu kutoka mlangoni. Anza na bafu, utafute dalili za unyevu na ukungu, ile kuvu inayotia kuta madoa meusi. Ingia, ufunge mlango, utulie kidogo, unuse. Harufu ya nguo zilizolala mbichi ikikufikia, ujue ukuta una maji, hata kama rangi ilipakwa juzi. Na rangi iliyopakwa bafuni peke yake, vyumba vingine vikaachwa vilivyo, iulizie.

Angalia uko mwezi gani. Januari na Februari kila nyumba ya Nairobi ni kavu. Ukuta huonyesha tabia yake baada ya mvua ya Machi hadi Mei, kisha ije ile baridi ya Juni, Julai na Agosti, wakati jua hupotea siku nzima na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Hapo ukuta unakuwa baridi, mvuke wa maji moto unaugusa na kugeuka matone. Ukungu hautaki mengi: unyevu, na kitu cha kula kama vumbi, mabaki ya sabuni au karatasi. Mahali palipobaki na maji kwa siku moja au mbili panatosha kuuanzisha. Kwa hiyo ukiweza, kaangalie nyumba mvua ikinyesha. Usipoweza, muulize mpangaji wa juu au wa jirani, si dalali.

Sakafu: mwaga maji, uone kama yote yanafika kwenye tundu au yanatuama kwenye kona. Dari: kama ni ya jipsamu ya kawaida, yale mabamba meupe yaliyovikwa karatasi, iguse, maana karatasi yake ni chakula kizuri cha ukungu. Chini ya sinki: mulika kwa tochi ya simu. Ukuta wa nyuma ya bafu, ule wa chumba cha kulala: upapase kwa kiganja, hasa karibu na sakafu.

Matundu ya hewa juu ya dirisha yasiwe yamezibwa. Wapangaji huyaziba kwa magazeti Julai ikifika, wengine kwa ajili ya mbu. Kama ni mbu, weka wavu. Yakizibwa, mvuke hauna pa kupitia.

Sasa dirisha lenyewe, na hapa nataka unisikilize vizuri. Dirisha kuwepo hakutoshi. Lazima ujue linafungukia wapi.

Mdogo wangu alihamia ghorofa moja upande wa Roysambu, mwanzoni mwa mwaka. Nyumba safi, vigae vyeupe hadi juu, dirisha la bafu kubwa kuliko la jikoni. Lilikuwa linafungukia kwenye lile shimo la katikati ya jengo, ambalo bafu zote za kila ghorofa huelekea. Hakuna ubaya hapo, majengo mengi ya mjini yamejengwa hivyo, na shimo likiwa wazi juu hewa hupanda na kutoka. Ila mwenye nyumba alikuwa amelifunika juu kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, ili mvua isiingie. Ukisimama bafuni unaona mwanga unaingia vizuri, unadhani ni anga. Kumbe mvuke wa kila shawa ya kila ghorofa ulikuwa unapanda, unagonga plastiki, unarudi kutafuta dirisha lililo wazi. Yeye alikuwa ghorofa ya juu. Kila asubuhi alifungua dirisha apate hewa safi, naye alikuwa anakaribisha mvuke wa jengo zima.

Mei ilipofika, madoa meusi yalitokea kwenye dari ya bafu, kisha nyuma ya kabati la nguo chumbani. Viatu vya ngozi vikaota nywele za kijani. Mtoto wake, ambaye tayari ana pumu, akaanza kukohoa kila usiku. Daktari aliyemwona alitaka kujua kwanza kama nyumba ina unyevu, na alikuwa na sababu: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaohusisha unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba na matatizo ya kupumua, pumu ikiwemo. Mwenye nyumba naye alisema wapangaji wanaoga maji moto kupita kiasi. Mdogo wangu alipohama, depositi yake ilikatwa pesa za kupaka rangi upya. Rangi hiyo ilipakwa juu ya ukungu uleule, na shimo likabaki limefunikwa. Mtu mwingine anaishi humo sasa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi toa kichwa dirishani, utazame juu. Kisha chukua kipande cha karatasi laini, ukishike karibu na dirisha, mlango wa bafu ukiwa wazi kidogo. Kikitulia tu, hewa haitembei.

Bafu lisilo na dirisha linahitaji feni ya kuvuta hewa, yenye bomba linalotoka nje kabisa. Feni inayomwaga mvuke ndani ya dari inahamisha tatizo tu. Mlango nao uachwe na upenyo chini, kama sentimita 2, kwa sababu feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna nyingine inayoingia. Ukimaliza kuoga, iache izunguke dakika 20 hivi.

Ukishahamia, pipa la maji ya akiba lifunikwe. Nguo usizianike bafuni. Futa kuta baada ya kuoga. Fungua madirisha mchana, maana hewa ya Nairobi alasiri huwa kavu kuliko ya asubuhi. Ndugu zetu wa Mombasa hawana bahati hiyo, hewa ya nje kwao nayo imejaa maji, na feni huwasaidia kuliko dirisha.

Doa dogo lisugue kwa brashi, sabuni na maji, umefunika pua na mdomo, kisha upakaushe kabisa. Ukitumia dawa ya kung'arisha nguo, usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala siki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika bafu lisilo na hewa unaweza kukuua. Doa likienea kuliko mita moja ya mraba, au likirudi palepale, huenda kuna bomba linalovuja. Mwite fundi wa mabomba kabla ya fundi wa rangi.

Piga picha kuta zote siku unayopokea funguo, uzitume kwa mwenye nyumba kwa maandishi, na risiti ya depositi uitunze. Na ukiwa bado bafuni, tazama waya wa ile shawa ya umeme. Ukiona nyaya zilizoungwa kwa tepu, au ukisikia maji yanakutekenya vidole, usioge humo mpaka fundi wa stima aje akague waya wa ardhini (earth), ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.