Kishona nguo: king'oe kabla mbegu hazijawa nyeusi

Kishona nguo ni gugu. Huanzia kando ya njia na mipakani mwa makonde, kisha huingia matutani kwa kunasa kwenye kanga, suruali na manyoya ya mbuzi. Mche mmoja uliokomaa huweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000.

Kinachowachosha wakulima ni kukiona kimeota tena baada ya palizi nzuri. Sababu ni kwamba ua moja huzaa mbegu za aina mbili. Zile ndefu za katikati huota upesi zikipata unyevu na mwanga. Zile fupi za pembeni hulala udongoni na kuota baadaye, kidogo kidogo. Kwa hiyo palizi moja haitoshi, na kugeuza udongo kwa kina kila mara kunafukua zilizolala na kuzirudisha juu.

Kwa tungule, tayarisha matuta wiki mbili kabla ya kupandikiza, mwagilia, uyaache magugu yaote. Yakiwa na majani mawili hadi manne, yakwangue juujuu, sentimita 2 au 3 tu, asubuhi ya jua ili yanyauke. Ukikwangua siku ya mvua, mengi yatashika mizizi upya. Usilime tena, pandikiza, kisha tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina la mche. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo usikose palizi hata kidogo, maana tungule changa haliwezi kushindana.

Maweni, jembe lisikopenya, ng'oa kwa mkono ardhi ikiwa na maji, kung'uta udongo, anika juu ya mawe.

Panga peke yake halitoshi. Likikata juu, kisiki huchipua matawi na kutoa maua chini zaidi, panga lisipofika. Kata usawa wa ardhi, kabla ya maua.

Vishona nguo vichanga wape mbuzi. Vyenye mbegu nyeusi usivitie kwenye mboji, kwani lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuziua. Vikaushe uvichome palepale. Wala usiviache vikistawi baada ya mavuno: mizizi yake hulea minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi vinundu, na bamia au tungule za vuli zitakuta adui yuko tayari. Ng'ombe aliyefungwa kando ya njia umkague mkia na miguu kabla ya kumhamishia kondeni.