Kujiandaa kwa Muhula Mmoja wa Masomo Berlin: Hatua kwa Hatua

Kazi yangu ni kuwaandaa wanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam wanaokwenda Ujerumani kwa masomo ya kubadilishana. Wengi huanza na tiketi ya ndege na koti la baridi, ilhali kwa Berlin jambo la kutangulizwa ni anwani, kwa kuwa akaunti ya benki, kibali cha ukaazi na hata barua zako vyote huitegemea. Maelezo haya yanamhusu anayekwenda kwa muhula wa baridi, unaoanza tarehe 1 Oktoba na kumalizika tarehe 31 Machi, ingawa mihadhara yenyewe huanza katikati ya Oktoba.

Hatua ya 1: Kamilisha mkataba wa masomo. Huu huorodhesha kozi utakazosoma kule na jinsi zitakavyohesabiwa huku, na husainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Mzigo wa kawaida wa muhula ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti za masomo. Usiondoke na ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara, kwani huenda ukirudi ukamkuta mwingine kwenye kiti hicho.

Hatua ya 2: Tafuta chumba kitakachokuwezesha kujisajili kama mkazi wa jiji. Omba bweni la studierendenWERK BERLIN, shirika la huduma kwa wanafunzi wa vyuo vya Berlin, mara tu upatapo barua ya kukubaliwa, maana waombaji ni wengi. Ukikosa, tafuta chumba katika nyumba ya kupanga kwa pamoja, na kabla ya kujadili kodi muulize mwenye nyumba kama atakupa Wohnungsgeberbestätigung, yaani barua yake ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Akikataa, achana na chumba hicho hata kama bei yake inavutia, kwa sababu bila barua hiyo hutasajiliwa. Kisheria dhamana haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji. Anayedai kwamba yuko nje ya nchi, umtumie dhamana kwanza kisha funguo zitakuja kwa posta, ni tapeli. Kata mawasiliano naye.

Hatua ya 3: Omba visa ya kitaifa. Visa ya Schengen ya siku 90 haitoshi kwa muhula mzima. Mwenye ufadhili hupeleka barua ya ufadhili. Asiye nao hufungua Sperrkonto, akaunti ambayo fedha zake huzuiwa na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi. Kiwango kilichoanza kutumika Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 5,952 kwa miezi sita. Hakikisha ubalozini kama hakijabadilika. Kwa kuwa fedha hizo hazitoki siku unayotua, uwe na akiba ya pembeni ya kulipia dhamana, kodi ya kwanza na chakula. Bima ya afya nayo ianze kazi siku ileile unayoingia Ujerumani.

Hatua ya 4: Panga siku ya kufika. Epuka Jumapili, kwani karibu maduka yote hufungwa. Uwanja wa ndege wa BER uko kanda ya C ya usafiri wa umma, hivyo kata tiketi ya kanda zote, ABC. Vituo vya treni havina mageti, lakini wakaguzi, mara nyingi bila sare, hupita ndani ya mabehewa, na asiye na tiketi halali hutozwa euro 60.

Hatua ya 5: Jisajili. Sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia, na usajili hufanyika katika ofisi iitwayo Bürgeramt. Ukishapata anwani, weka miadi kwa intaneti ukiwa bado nyumbani. Ofisi yoyote ya jijini inafaa, si ya mtaa wako pekee, na ukikuta nafasi zimejaa, angalia tena asubuhi na mapema, kwani zilizoghairiwa hurudi kwenye orodha. Beba pasipoti, fomu na barua ya mwenye nyumba.

Hapa pana jambo ambalo sisi tuliozoea sanduku la posta hatulitarajii. Kwa kawaida fleti za Berlin hazina namba. Mleta barua husoma jina la ukoo kwenye kisanduku mlangoni. Namba ya mlipakodi, kadi ya benki na namba yake ya siri vyote huja kwa njia hiyo, na jina lako lisipokuwepo barua hurudishwa ilikotoka. Bandika jina lako siku ya kwanza, kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti. Pia utaletewa madai ya ada ya utangazaji, yaani ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Usiyapuuze, waulize wenzako wa nyumba nani analipa, kisha mgawane.

Nguo nzito nunua kule. Mitumba ipo, na duka la Humana la Frankfurter Tor lina ghorofa kadhaa. Jiandae pia kwa giza: mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni.

Hatua ya 6: Ondoka kwa utaratibu. Kuanzia wiki moja kabla ya kuhama unaweza kufuta usajili wako, na cheti utakachopewa ndicho kitakachohitajika kusimamisha ile ada ya utangazaji na, mara nyingi, kufunga Sperrkonto. Kisha nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, uhakikishe wanajua matokeo yako yatumwe kwa nani katika chuo chako na kwa barua pepe ipi.