Ukitaka kwale, sikiliza kengele ya mbwa

Watu wa Lubumbashi, huku kwetu Kongo, wakisikia nawinda na mbwa, swali la kwanza ni bunduki. Mimi huwaambia waanze na kengele. Mbwa wetu hawa wa kijijini, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, hawabweki wakiwa kazini. Majani ya dembo, lile bonde la majimaji, yanakufika kifuani. Mbwa akishaingia humo humwoni tena. Unabaki na sauti ya shingoni mwake.

Kengele yangu alinichongea baba mkubwa kwa mulombwa, mti ambao wengine huuita mninga. Ni kipande kama ngumi, tumbo limechimbwa, ndani vijiti viwili vinagonga kuta. Ile ya chuma wanayofunga mbuzi, iache. Nilijaribu msimu mmoja: ilikuwa inalia hata mbwa akijikuna, mpaka sikio likaizoea nikawa siisikii. Mkiwa njiani, jaza majani makavu ndani yake isilie. Uyatoe mkishafika. Mbwa wangu wakiona kidole kinaingia kwenye kengele, wanaanza kutetemeka.

Sasa jifunze inavyosema. Ko-ko-ko ya haraka, isiyobadilika: bado anatafuta, wewe tembea. Ikipungua na kuanza kukatika, pua imeshika kitu. Ikinyamaza ghafla, usikimbie! Simama mahali unapoona anga, hesabu mpaka tano. Kwale ni mvivu wa kuruka, anategemea miguu. Atakimbia mpaka majani yamwishie, ndipo apae kwa kishindo cha kukutoa roho. Ikilia upya kwa fujo, ujue kwale ameanza mbio na mbwa yuko nyuma yake. Yule mwenye koo jekundu akibanwa na mbwa mara nyingi hupanda mti na kutulia. Nimeona vijana wanapekua majani nusu saa nzima, kwale yuko juu ya vichwa vyao.

Kanga ni habari nyingine. Wanatembea kundi zima, na ukilifuata kundi watakuchosha bure. Waache mbwa walivunje, kisha waite mbwa, keti kimya. Waliotawanyika wataanza kuitana wenyewe. Unawafuata mmoja mmoja.

Pa kwenda? Mimi naelekea upande wa barabara ya Kasenga, mwezi wa nane, moto ukishapita. Pori lililoungua halina pa kujificha, kwa hiyo ndege wanajibana kwenye kamba ya majani mabichi iliyobaki pembeni ya maji. Hapo angalia chini. Kwale anachimba ndago kwa miguu na mdomo, anaacha vishimo vidogo. Udongo ukiwa bado na unyevu, alikuwa hapo asubuhi hii. Zunguka uje upepo ukikupiga usoni, halafu achia mbwa.

Kuhusu ruhusa, usijidanganye kwamba udongo ni wa Serikali tangu sheria ya 1973 basi kila mtu anajiingilia. Chefu wa kijiji anapaswa kujua umekuja, na kilo ya chumvi haijawahi kumkasirisha mtu. Halafu kuna maeneo ya migodi. Mwaka mmoja nilifuata kengele nikavuka mpaka bila kuuona; walinzi walinikalisha juani mpaka alasiri, na mbwa wangu jike hakurudi hadi kesho yake. Tangu hapo naulizia mipaka kwa wachoma makala, yaani mkaa, wanaijua kuliko ramani. Kibali cha kuwinda kinachotajwa na sheria ya 28 Mei 1982 na karatasi za bunduki nabeba mwilini, na kabla ya yote nauliza ofisi ya mazingira kama msimu umefunguliwa. Upemba na Kundelungu ni hifadhi za taifa: huko mbwa wako hawana kazi.

Bunduki ya kalibre 12, marisaa namba 6, yatosha. Ndege anayekimbia chini mwache aende zake, hata kama una njaa ya siku mbili, kwa sababu mbwa yuko mgongoni mwake. Mimi sipigi mpaka nione mbingu chini ya tumbo la ndege.

Kwenye kinga, baiskeli yangu, nafunga bidoni la maji la lita 5, la mbwa wawili tu. Maji yangu nabeba peke yake. Saa nne asubuhi jua likianza kuuma, tunarudi. Mbwa akinyamaza mdomoni mwa kichuguu, usiingize mkono: nyoka moma naye hulala humo.

Nyumbani, kabla ya kunyonyoa ndege, pitisha vidole katikati ya kucha za mbwa na ndani ya masikio. Mbegu za majani zinachoma, na zikiachwa zinatunga usaha. Kwale mwenye mwiba mrefu mguuni ni mzee, mchemshe taratibu mpaka bukari, ugali wetu, iwe tayari, kijana anakaangwa. Kengele naitundika juu ya jiko la makala, moshi uifukuzie bungua.