Jinsi ya Kuunda Kamati ya Wataalamu ya Kushauri Kuhusu Leseni za Silaha

Mwongozo huu ni wa watumishi wa wizara au mamlaka ya leseni waliokabidhiwa kazi ya kuanzisha kamati hiyo. Jambo moja lisimame wima tangu mwanzo: kamati inashauri, haitoi leseni.

Hatua ya 1: Msingi wa kisheria

Pekua sheria ya silaha uone kama inampa waziri uwezo wa kuunda kamati. Ukikikuta kifungu, kitaje katika waraka wa kuunda kamati. Usipokikuta, waraka wa waziri unatosha kuanzia, ila kamati ya namna hiyo huweza kuvunjwa kwa barua moja. Uingereza walipitia bungeni: kifungu cha 22 cha marekebisho ya sheria ya silaha ya 1988 kiliweka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 12, na ripoti kila mwaka. Cha kuiga pale ni kwamba sheria ilitaja aina ya ujuzi unaotakiwa. Ukitaja vyama vya wadau badala ya ujuzi, kila chama kitaleta msemaji wake, na utakuwa na baraza la mabishano.

Hatua ya 2: Hadidu za rejea

Hizi ndizo zinazoeleza kazi ya kamati na mipaka yake. Kurasa 2 zinatosha. Orodhesha mada: vigezo vya mwombaji, uchunguzi wa afya ya akili, mafunzo, uhifadhi, muda wa leseni, alama za silaha na utunzaji wa kumbukumbu. Kisha andika sentensi hii bila kuilainisha:

"Kamati haitapokea, haitajadili wala haitatoa maoni kuhusu ombi, rufaa au leseni ya mtu yeyote."

Bila sentensi hiyo, wajumbe wataanza kupigiwa simu za kuombwa fadhila. Mwombaji aliyenyimwa leseni naye atakwenda mahakamani kudai kwamba aliamuliwa na watu wasio na mamlaka. Na mafaili yakishaanza kupita mikononi mwa wajumbe, habari za nani ana bunduki na anaishi wapi zitavuja. Kwa mwizi, hiyo ni orodha ya nyumba za kuvunja.

Hatua ya 3: Wajumbe

Lenga watu 9 hadi 13. Viti visivyokosekana: mtaalamu wa uchunguzi wa silaha na risasi, daktari wa magonjwa ya akili, mwanasheria, mtu aliyefanya kazi na waathirika wa ukatili wa majumbani, mjuzi wa kanzidata, na ofisa mstaafu wa leseni. Ongeza wawindaji au walenga shabaha, kwa kuwa wao ndio wanaojua fomu inakwama wapi, lakini wasizidi theluthi. Muuza silaha mwiteni kama shahidi pale mada inapomhusu. Kumpa kiti cha kudumu ni kumwomba ajadili faida yake mwenyewe. Ofisa wa leseni aliye kazini ahudhurie bila kura.

Muhula uwe miaka 3, ila theluthi ya wajumbe wa kwanza wapewe miaka 2, ili wote wasiondoke siku moja na uzoefu wao.

Hatua ya 4: Mgongano wa maslahi

Fomu iulize silaha anazomiliki mjumbe, biashara, uanachama, na ndugu wa karibu mwenye ombi lililo mezani. Ijazwe upya kila mwaka. Kumiliki silaha hakumwondoi mtu. Kuficha ndiko kunamwondoa. Tatizo la kawaida ni katibu kuandika "hakuna mgongano" kwa mazoea. Muhtasari uonyeshe mjumbe alitamka nini, na kama alitoka nje au alibaki.

Hatua ya 5: Takwimu

Wapeni takwimu zisizo na majina, namba za vitambulisho, anwani wala namba za silaha. Hata hivyo kuna mtego: wilaya yenye leseni chini ya 5, au aina ya bunduki isiyo ya kawaida, humfichua mwenyewe bila jina. Unganisheni wilaya hizo na za jirani.

Hatua ya 6: Ushauri wenyewe

Vikao 4 kwa mwaka, makabrasha yawafikie wajumbe siku 10 kabla, akidi nusu ya wajumbe na mmoja zaidi. Kila ushauri uwe na swali, ushahidi, pendekezo, gharama, na maoni ya waliopinga.

"Uhifadhi uimarishwe" si ushauri. Huu ndio ushauri: "Kanuni idai kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi zikae kwenye sanduku lenye kufuli lake, na ofisa akague kabla ya leseni ya kwanza na kila inapohuishwa." Hapo ndipo maswali ya maana huibuka: wakaguzi wapo wangapi, na nauli analipa nani?

Kwenye kumbukumbu, linganisheni kanuni zenu na makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya 2005 kuhusu ufuatiliaji wa silaha. Yanataka kumbukumbu za utengenezaji zitunzwe angalau miaka 30, na nyingine, zikiwemo za uingizaji nchini, angalau miaka 20. Masjala inayochoma mafaili leseni inapokwisha muda inakata njia ya kufuatilia silaha itakayookotwa baadaye.

Hatua ya 7: Jibu la waziri

Waraka umtake waziri ajibu kwa maandishi ndani ya siku 90: amekubali, amekataa, na kwa nini. Ushauri na jibu vichapishwe pamoja, isipokuwa sehemu zinazogusa usalama. Wekeni pia ukomo wa kamati wa miaka 5 na tathmini katika mwaka wa 4, na mtaje mapema ni masjala ipi itakayopokea kumbukumbu kamati ikivunjwa.