Nilivyojifundisha Kijerumani nikisuka nywele Kondele

Watoto wa dada yangu mkubwa walizaliwa Ujerumani na lugha yao ni Kijerumani tu. Mimi ndiye mama yao mdogo, lakini kwa miaka mingi tukipigiana simu tulikuwa tunapungiana mikono na kucheka, basi. Hali hiyo iliniuma. Nasuka nywele hapa Kondele, Kisumu, tangu asubuhi hadi giza linaingia, kwa hiyo darasa la jioni halikuwezekana. Kijerumani nilicho nacho nimekipata nikiwa nimesimama nyuma ya kichwa cha mteja. Nawe unayejifunza Kifaransa au Kichina, njia ni hii hii.

Kabla ya kununua kitabu chochote, amua unataka kumwambia nani nini. Mimi nilipoteza miezi minne kwenye programu ya simu inayokupa pointi. Pointi zilikuwa nyingi, nikajua farasi anakunywa maji. Siku moja binti wa dada akanionyesha jino lililong'oka, na sikuwa na neno hata moja la kumwambia. Usiku ule nilifungua daftari nikaandika kwa Kiswahili sentensi ishirini za kumwambia yule mtoto: Umekula nini leo? Iliuma? Nani amekutengeneza nywele? Nikamwomba dada anirudishie kwa Kijerumani kwa sauti kwenye WhatsApp, bila kuandika. *Was hast du heute gegessen? Hat es weh getan?* Nilizisikiliza wiki nzima kabla ya kuona zinavyoandikwa, na nakusihi ufanye hivyo pia, maana herufi zao zitakupoteza: w yao ni v yetu, z ni kama ts, na "ei" husomwa "ai". Ukianza na maandishi utasoma Kiswahili chako ndani ya maneno yao, na kosa hilo huchukua muda mrefu kutoka mdomoni.

Kisha tumia saa ambazo mikono ina kazi na masikio hayana. Mimi naweka kidude kimoja sikioni, sikio la pili nawaachia wateja. DW (Deutsche Welle), redio ya Ujerumani, wale wale wenye Idhaa ya Kiswahili, wana masomo ya bure na pia habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, pamoja na maandishi yake. Ninachofanya ni hiki: nasikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, halafu zile za Kijerumani. Mara nyingi habari kubwa ya siku ni ile ile, kwa hiyo najua tayari nani amekutana na nani, na maneno yananijia yakiwa na maana. Pakua usiku bando likiwa rahisi. Na usikimbilie kipindi kipya kila siku. Kimoja cha dakika tano, kisikilize hadi uweze kumtangulia msomaji.

Kusikia peke yake hakutoshi, lazima mdomo ufanye kazi. Nilianza kuhesabu mistari ya nywele kwa sauti: *eins, zwei, drei.* Wateja walishangaa mwanzoni, sasa kuna wanaohesabu pamoja nami. Ukifika ishirini na moja utakuta wao wanaigeuza, *einundzwanzig*, moja-na-ishirini. Usijaribu kuielewa kwa kichwa. Hesabu vichwa vitatu vya watu na itakaa. Ile ü nayo ilinisumbua hadi dada aliponiambia niseme "i" huku midomo nimeivuta kama ya "u". Nilifanya hivyo mbele ya kioo cha saluni, asubuhi kabla hatujafungua, siku kama kumi hivi.

Saa ziangalie kwa makini zaidi. Yule binti aliniambia nimpigie *halb acht*, anisomee hadithi ya shuleni. *Acht* ni nane, *halb* ni nusu, nikachukulia ni saa nane na nusu ya saa yao, yaani saa mbili na nusu usiku kwetu tunavyohesabu. Wajerumani wanamaanisha nusu ya kuelekea nane: saba na nusu. Nikaongeza na tofauti ya saa kati yetu na wao, ambayo ni saa moja majira yao ya joto na mbili majira ya baridi. Nilipopiga, mtoto alikuwa amesubiri na kitabu mkononi mpaka akalala. Nililia siku hiyo. Tangu hapo mtu akinipa saa kwa lugha ya kigeni, namrudia kwa tarakimu: 7:30? Nawe fanya hivyo.

Kuhusu sarufi, watu hukutisha bure na *der, die, das*, vile vineno vitatu vinavyotangulia nomino kufuatana na kundi lake. Sisi tunaosema kiti hiki, mti huu, jino hili, tumezoea makundi mengi kuliko hayo matatu. Wewe jifunze nomino pamoja na kineno chake, kama mtoto anavyojifunza ngeli, bila kuuliza kwa nini. Nilibandika karatasi ndogo saluni: chanuo *der Kamm*, brashi *die Bürste*, nywele *das Haar*. Kazi yangu moja ilinipa zote tatu. Hata lile linalowasumbua wengi, kwamba msichana, *das Mädchen*, haingii kundi la kike, lile la *die*, kwetu lina ndugu yake. Kile kiambishi cha mwisho, *-chen*, ni cha kudunisha, na kila neno linalokivaa huingia kundi la *das*. Je, mtoto akiwa kitoto hahamii KI-VI? Nilipoliona hili nilifurahi kama niliyeokota pesa.

Na ukitaka kusoma bila gharama, nenda soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku ya Jumapili, kwenye mitumba. Geuza nguo, tazama kitambaa kidogo cha ndani. Nyingine zimetoka Ujerumani. Nilishika shati la mtoto limeandikwa *100% Baumwolle*. *Baum* ni mti, *Wolle* ni sufu, kumbe pamba kwao ni sufu ya mti. Chini yake *nicht bleichen*, usitie dawa ya kung'arisha. Shati nililinunua shilingi hamsini, kile kitambaa nikakikata nikakibandika kwenye daftari, na *nicht* sijawahi kuisahau tena. Maneno mengine tunayo tayari: shule ni *Schule*, na hela ni *Heller*, sarafu ya enzi za utawala wao Tanganyika.

Daftari langu lina sentensi tu, sina orodha ya maneno. Kiswahili kushoto, Kijerumani kulia. Nafunika kulia kwa mkono, nasema, nafunua. Sentensi mpya naipitia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ikinishinda, naianza upya kama ngeni.

Tafuta wa kukusahihisha, lakini mpe mipaka. Mwanzoni yule binti alinikata kila neno, na simu ikawa mtihani. Tukakubaliana: kosa moja tu kwa kila simu, lile linalomkera zaidi. Hilo moja naliandika na kulirekebisha kabla ya simu ijayo. Ukipiga kila wiki, kwa mwaka hayo ni makosa zaidi ya hamsini yaliyong'olewa mzizi.

Kama unahitaji cheti cha kazi au masomo, mitihani imepangwa ngazi A1, ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa, na Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, iko Nairobi. Ulizia kwanza ngazi wanayotaka kule unakokwenda, kisha ndio ulipe. Mimi sijaufanya.

Desemba, saluni ikijaa, huwa napitisha wiki tatu bila kusoma. Nikirudi sifungui somo jipya. Naanza na zile sauti ishirini za kwanza za dada, bado ziko kwenye simu, nazisema zote nikifagia. Siku ya pili ulimi unakuwa umerudi, ndipo nampigia mtoto. Hupokea kwa kusema *Tante*, neno moja analotumia kwa mama mdogo na kwa shangazi vilevile. Neno la mama mdogo nimeanza kumfundisha.