Namna ninavyomwandika binti wa Mwami

Kila Jumamosi, saa nane za mchana, ua wetu hapa Katuba hujaa watoto wa miaka kumi mpaka kumi na tano. Wao wanaleta madaftari na kalamu za biki, mimi naleta sura moja ya hadithi yangu ya Bunkeya, mji mkuu wa mfalme M'siri, tunasomeana chini ya mwembe. Nimefundisha shule ya msingi muda mrefu hapa Lubumbashi, lakini ni watoto hawa walionionyesha namna ya kuandika habari za kale, hasa za kijana aliyezaliwa katika nyumba ya kifalme. Wakubwa wanaotaka kujaribu huniuliza waanzie wapi. Mimi huanzia kwenye jina.

Binti wangu anaitwa Kabange. Nimemtunga mwenyewe, nikampa umri wa miaka kumi na minne, na baba yake ni M'siri, Mwami, yaani mfalme, wa Bayeke. M'siri alioa wake wengi kutoka makabila mengi, kwa hiyo mama wa Kabange nimemfanya Mluba. Kwa Waluba, Kabange ni pacha wa pili, anayemfuata Kyungu. Siku ya kwanza nilipolisoma jina hilo, mvulana mmoja aliuliza kabla sijamaliza mstari: "Mama, na Kyungu yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikaa nikalitafuta: Kyungu alifariki akiwa mchanga, na kila anayemwita Kabange bomani anamkumbusha mama yake mtoto wa kwanza. Hadithi nzima ilipata moyo hapo. Chagueni jina ambalo msomaji wa kwenu akilisikia tu, atauliza swali.

Halafu punguza muda. M'siri alitoka Usumbwa, upande wa Tanzania ya leo, akafika Katanga mnamo 1856 kwa njia ambazo baba yake Kalasa alizipita akitafuta shaba. Aliuawa mwaka 1891. Mtoto wa darasa la sita hawezi kubeba miaka thelathini na mitano mgongoni, na mwandishi naye akijaribu ataishia kuandika somo la historia. Mimi nilichukua majuma saba tu, kuanzia mwanzo wa Novemba 1891. Ndani ya majuma hayo kuna mambo tele: Wasanga wameasi, chakula kimepungua, Wazungu wanafuatana mmoja baada ya mwingine. Wabelgiji wawili walishatangulia, Le Marinel Aprili na Delcommune Oktoba, na tarehe 14 Desemba akafika kapteni Stairs na bunduki zake, ametumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kabange hajui nani atashinda. Baba yake pia hajui. Kila sentensi iliyojua mambo ya kesho niliifuta, hata zile nilizozipenda.

Sasa majira. Hapa ndipo waandishi wengi wanakosea, kwa sababu wanasoma tarehe lakini hawatazami mbingu. Desemba kwetu ni mvua. Pori la miombo ni la kijani, mito imejaa, njia ni matope. Nenda sokoni mwezi huo uone: masuku, matunda ya porini, yamepangwa mafungu mafungu, uyoga umewekwa kwenye mabeseni. Nilinunua masuku, nikala polepole, nikaandika namna ganda linavyopasuka na kokwa zinavyoteleza mdomoni. Lakini mwaka ule ulikuwa wa njaa Bunkeya. Kwa hiyo Kabange anapookota masuku hachezi. Anagombania matunda na watu ambao hawajala tangu juzi, nao wanampisha kwa kuwa ni mtoto wa Mwami. Hicho kitendo kidogo cha kumpisha kinamwambia msomaji mambo mengi kuhusu ufalme. Na akila bukari, yaani ugali, bukari yake ni ya unga wa mtama. Mtoto mmoja alimwandikia mkate na chai. Tukakaa naye, tukauliza ngano ingefika vipi, nani angeisaga, akafuta mwenyewe.

Mpe kazi ya mikono. Kijana wa kifalme asiye na kazi anakaa dirishani kuwatazama wakubwa, na sura kumi za kutazama zinamchosha msomaji. Nilikwenda Makumbusho ya Taifa hapa mjini, nikasimama mbele ya misalaba ya shaba ambayo watu wa nchi hii waliitumia kama mali, hata kwa mahari. Nikajiuliza ni nani aliyeihesabu. Kwa hiyo Kabange anahesabu: shaba inayoingia bomani kama kodi, vipande vya chumvi kutoka Mwashya, mizigo ya pembe za ndovu. Anajua kutunga ushanga kwenye uzi. Anajua kwamba shaba huyeyushwa wakati wa kiangazi, watu wakishavuna, katika tanuri la udongo wa kichuguu lenye mkaa na mifuko ya ngozi ya kuvuvia. Kwa hiyo moshi akiuona mwezi wa Desemba, anajua hiyo si kazi ya shaba, kuna kijiji kinaungua. Mstari huo wa moshi nimeusoma mara nyingi mbele ya watoto, na kila mara wananyamaza.

Yule anayehesabu pembe atakutana na watu wanaohesabiwa. Bunkeya iliuza shaba na pembe, iliuza na watu pia. Misafara ilikwenda magharibi mpaka pwani ya Angola, mashariki mpaka Bahari ya Hindi, ikarudi na baruti, bunduki, vitambaa na shanga. Mzazi mmoja aliniomba niliondoe jambo la utumwa, akisema mashujaa wetu wasichafuliwe mbele ya watoto. Ninamheshimu, lakini sikuliondoa. Niliandika msichana wa rika la Kabange anayemsuka nywele, ambaye aliletwa kutoka vitani na hana ruhusa ya kurudi kwao. Wanacheka pamoja. Kisha asubuhi moja mkeka wa yule msichana umekunjwa, na bomani kuna vitambaa vipya. Sikuandika mnyororo wala damu. Kabange anaguswa begani apewe kitambaa chake, naye hanyooshi mkono. Watoto wa Katuba walielewa bila mimi kuongeza neno.

Kuhusu mazungumzo: bomani zilisikika lugha nyingi, Kiyeke, Kisanga, Kiluba, na Kiswahili cha wafanyabiashara wa mashariki. Mimi naandika Kiswahili, lakini namwekea Kabange Kiswahili kisicho na mji ndani yake. Maneno yetu ya Kifaransa ya kila siku hayaingii. Heshima nazo zina mpangilio wake: hamwiti baba yake "baba" mbele ya watu, anamwita Mwami, macho chini. "Baba" nimelitumia mara moja tu katika kitabu kizima, na nimelitunza kwa sura ya mwisho.

Sura hiyo ni ya tarehe 20 Desemba. Siku moja kabla, Stairs alitaka bendera ya Leopold ipandishwe, ile ya buluu yenye nyota ya rangi ya dhahabu. M'siri hakukubali, bendera ikapandishwa hivyo hivyo, naye usiku akaondoka kwenda Munema, kijiji cha karibu. Kesho yake, ndiyo tarehe 20, kapteni Bodson wa msafara wa Stairs alikwenda na askari kumleta, akampiga risasi akafa, na Bodson mwenyewe akapigwa papo hapo na mtu wa Mwami. Nilishawishika kumweka Kabange pale Munema, aone yote. Nilijaribu, ikawa mbaya: ghafla nilikuwa na msichana aliyegeuka jicho la kamera, hana uzito. Nikamrudisha Bunkeya, mtoni, na chungu mikononi. Anasikia milio. Anahesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yake. Halafu watu wanaanza kukimbia, na anasoma habari kwenye nyuso zao kabla mtu hajafungua mdomo.

Utakuta mambo yanasimuliwa tofauti. Mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi yetu hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alichora M'siri mwenyewe akimuua Bodson. Wazungu waliokuwa safarini waliandika vingine. Usichanganye simulizi mbili ukapata ya tatu isiyo ya mtu. Mimi nimefuata habari ya risasi katika matukio, lakini jioni ile, moto ukiwaka, mzee mmoja anawasimulia vijana kwamba Mwami alimchoma mkuki yule mzungu kwa mkono wake. Kabange anamsikiliza. Anajua hesabu ya milio. Hamkatizi mzee.

Kichwa cha M'siri kilikatwa, na habari zake zinasimuliwa Katanga mpaka leo. Kwa watoto wa miaka kumi nimeandika tu kwamba wanawake walikatazwa kukaribia, na mama yake Kabange akamfunika uso kwa kitenge. Wakubwa kidogo wananiuliza baadaye, tunazungumza uso kwa uso.

Sura yangu haizidi kurasa nne za daftari, ndiyo dakika kumi hivi za kusoma kwa sauti. Nikisoma sitazami karatasi muda wote, natazama miguu. Miguu ikianza kuchezea vumbi, naweka alama ya msalaba pembeni ya mstari, na Jumapili jioni naandika upya kuanzia mstari ule. Sura ya tatu ina misalaba kumi na moja. Ni ile ambayo wajumbe wa Stairs wanajadiliana na wazee wa boma, na Kabange hana la kufanya. Juma hili nimempa kibuyu cha pombe awapitishie.